Spika Zilizotazama Jikoni

Tumerudi juzi kutoka Kawetele, tumemzika Babu, na tangu nirudi humu chumbani kwangu Mbeya sijawasha redio. Msibani walimsema kwa mengi. Walisema alivyoendesha lori la chai kwenye kona za utelezi enzi za ujana wake, walisema ukali wake, walisema mapenzi yake ya mziki wa gari. Wengine walicheka kabisa, maana kwetu msiba wa mzee aliyekula chumvi nyingi huwa na vicheko vyake. Mzee mmoja aliyekaa karibu na moto akasema, "Huyu tumemzika bila spika. Mtaona, atarudi kudai." Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa mkekani na wanawake, nikamtazama mama mdogo Sekela, mkwe wa marehemu, kanga imemshuka mpaka kwenye nyusi. Hakucheka wala hakulia. Alikuwa amegeuza sikio upande wa uwanja, kama mtu anayengoja kitu kianze.

Nina miaka kumi na tisa. Najua kuna watakaosema mtu wa miaka hiyo hana kumbukumbu, ana juzi tu. Labda. Nimezoea kuandika mambo ya siku hiyohiyo, mistari michache, kwa sababu mbele za watu mdomo wangu ni mzito na jioni lazima maneno yatokee mahali. Lakini mwaka wa kidato cha tatu nilioukaa kwa mama mdogo haukai kwenye mistari michache. Nimejaribu jana, nikaandika "nakumbuka gari la Babu," nikakwama, nikaenda kununua mkaa.

Chumba nilicholala mwaka ule kilikuwa stoo. Kitanda changu kilipakana na magunia, na uvunguni mama mdogo alikuwa akilaza maparachichi kwenye majani makavu ya migomba ili yaive, hivyo nguo zangu za shule zilinuka maparachichi mwaka mzima. Dirisha lilikuwa dogo, bila kioo, lina ubao wa kusukuma. Ukiusukuma unaona uwanja, unaona jiko la nje lililoezekwa bati, na mbele ya nyumba ya Babu, ng'ambo ya uwanja, unaliona gari. Lilikuwa gari dogo la zamani, rangi ya maziwa yaliyoungua, milango yake inafungwa kwa kubamizwa. Kwa nje ungelihurumia. Lakini ndani fundi Shabani wa Msasani, mtaa wa Tukuyu mjini, alikuwa amelifunga mziki ambao vijana wa mjini walikuwa wakiusikia wanavua kofia. Kwenye buti kulikuwa na boksi la mbao za mninga lenye spika mbili kubwa za besi. Chini ya kiti kulikuwa na busta ya kuzipa nguvu. Milangoni kulikuwa na spika za kati, na juu ya dashibodi vilikaa vispika viwili vidogo kama vifuniko vya soda, wanaviita twita, vya kutoa sauti nyembamba: matoazi, nyuzi za gitaa, pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza.

Babu alikuwa na namna yake ya kusikiliza. Mchana baada ya chakula angetoka na koti, hata kama jua limewaka, angewasha injini kwanza ili betri isichoke, angekaa kwenye kiti cha dereva, mikono miwili kwenye usukani kama anaenda safari, halafu ndiyo anabonyeza redio. Yeye alisema "ladio", na hakuna mtu pale nyumbani aliyewahi kumrekebisha. Wimbo ukianza hutakiwi kuongea. Ukiisha, unaruhusiwa kusema neno moja au mawili, halafu unanyamaza kwa ajili ya unaofuata. Vijana wa kuosha magari kule mjini, wanaofungua milango yote minne Jumamosi wakashindana nani atatikisa vioo vya duka, aliwadharau sana. "Wale wanapiga kishindo," alisema. "Kishindo hata mti ukianguka unapiga. Mziki unakaa nao kama mgeni. Unampa kiti, unamwacha aongee." Alipenda dansi la zamani, la magitaa yanayojibizana, na alipenda kwaya. Kaseti zake zote fundi Shabani alikuwa amezihamishia kwenye flashi, na flashi hiyo Babu aliivaa shingoni kwa kamba ya kiatu.

Sasa lazima nieleze jambo la mama mdogo na Babu, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Wazee wa kwetu wana kitu wanachokiita ukutila. Ni kuogopa, ila ule woga wa heshima: mke wa mwanao hakutani nawe uso kwa uso, hakai unapokaa, hali mbele yako, hataji jina lako, nawe humtazami. Mabinti wengi siku hizi wanampa baba mkwe mkono na kumuuliza habari za presha. Katika uwanja ule haikuwa hivyo. Mama mdogo alikuwa ameolewa pale tangu mimi sijazaliwa, baba mdogo yuko machimboni Chunya na anarudi sikukuu, na miaka yote hiyo yeye na Babu walikuwa wameishi uwanja mmoja bila kuonana nyuso. Babu akirudi na gari, akifika kwenye mgomba wa kona anapiga honi mbili fupi, na mama mdogo anaingia jikoni. Mama mdogo akitaka kupita kwenda kisimani, anakohoa, na Babu anageukia ukuta. Hata ibadani walijigawa: Babu alisali ibada ya kwanza, mama mdogo ya pili. Maneno ya lazima yalibebwa. Kabla yangu aliyabeba binti wa mama mdogo, na yeye alipokwenda shule ya bweni nikayabeba mimi.

Siku moja nilimuuliza mama mdogo, tunamenya ndizi, kwa nini asiache tu kama wenzake. Akaendelea kumenya. Akasema, "Heshima ukishaivaa miaka yote hii, mwanangu, ukiivua unabaki uchi." Halafu akacheka, akanitupia ganda. "Na wewe mbona unauliza kwa mama mdogo tu? Shuleni mwalimu anasema hujawahi kunyoosha kidole."

Ilikuwa kweli. Shuleni nilikuwa mtu wa dawati la ukutani. Nilijua majibu na sikuyasema. Lakini kubeba maneno ya wengine niliweza, na nikagundua kwamba neno likiwa la mtu mwingine halinitetemeshi. Basi nilikuwa nikipita uwanjani, jikoni mpaka kwenye gari, gari mpaka jikoni, nikiwa na ujumbe mdomoni kama kuku aliyebeba mdudu.

Gari zamani lilikuwa likiegeshwa pua ikitazama nyumba ya Babu na buti likitazama njia. Majirani wa chini ndio waliofaidi. Wiki zangu za kwanza pale, mama mdogo alikuwa akipika na sikio moja liko dirishani, na wimbo wa magitaa ukianza anaacha kukoroga. Mara nyingine mboga iliungua. Babu alijuaje, sijui. Labda alisikia harufu. Jumapili moja alirudi kutoka ibadani, akapiga honi mbili, mama mdogo akaingia jikoni, na mimi niliyekuwa nafua nikaona gari halisimami mahali pake. Lilizunguka uwanja mzima, nusura liwakanyage bata, wakatawanyika wakipiga kelele, likarudi kinyumenyume taratibu, mpaka buti likasimama sawa na mlango wa jiko, mbali kidogo, hapo mtu anaposimama akiita hodi. Pua ilitazama njia. Babu akashuka bila kugeuka nyuma, akalizunguka gari kwa mbele, akanipa ufunguo. "Gwe Tumpe," akaniita kwa jina, "kafungue buti. Acha wazi." Nikafungua. Yeye akarudi kwenye kiti chake, mgongo umeelekea jiko, akabonyeza. Besi ikapita juu ya majivu, ikaingia mlangoni, na vifuniko vya sufuria vikaanza kuimba.

Mama mdogo alisimama na mwiko. Alisema kwa sauti ndogo, "Yesu wangu. Ameniletea mziki mpaka mezani."

Tangu siku hiyo mchana ukawa na ratiba yake. Babu mbele, mama mdogo jikoni, mimi katikati kwenye kigoda karibu na tairi la nyuma. Wakaanza kuongea kwa nyimbo. Mama mdogo alikuwa akinituma, "Kamwambie Babu ule wa yule mwanamke anayelia mwishoni." Nikaenda. Babu akasema, "Mwambie huo unaharibu mboga. Juzi ametulisha maharage yamekauka, bado analilia kilio cha mwenzake?" Nikarudi. Mama mdogo akajifunika mdomo kwa kanga, mabega yanacheka. "Kamwambie hayo maharage yalikaushwa na dansi lake." Nikaenda. Na Babu alicheka mpaka akapiga honi kwa bahati mbaya, na mama mdogo kwa mazoea akakimbilia ndani zaidi, huku yuko ndani tayari. Nilikuwa na miaka kumi na tano na sijawahi kuwa katikati ya watu wanaopendana namna ile. Naandika kupendana na sioni neno jingine. Mvua ya Tukuyu ilinyesha karibu kila siku, tulikula ndizi na maharage, magimbi na chai ya maziwa, mara mojamoja wali wa mchele wa Kyela baba mdogo akituma kitu, na bado nikiwa shuleni nilikuwa naisikilizia saa ya kurudi.

Mvua zilipoanza kupungua Babu akaanza kulalamika twita. Alisema zimekufa. Tukaenda Msasani kwa fundi Shabani, mimi nikiwa kiti cha pembeni. Kibanda chake kilikuwa kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo, na yeye mwenyewe, mjukuu wa watu waliokuja na biashara kutoka pwani, alikuwa mtani wa Babu wa miaka mingi.

"Wewe Mswahili umeniuzia spika za mazishi," Babu alisema hata kabla hajazima injini. "Mwaka hazijamaliza."

"Mzee wangu, spika za mazishi ndizo zinazodumu," Shabani alijibu. "Hazifufuki."

Alizibadilisha. Tulipofika Kawetele Babu akasema bado. Tukarudi. Akabadilisha waya. Bado. Tukarudi, akafungua busta nzima, akaisafisha kwa mswaki, akapiga wimbo wa kujaribia. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya dashibodi na twita zilikuwa zikichemka kama mafuta ya maandazi. Matoazi yalikuwa yanachoma sikio. Babu akainama karibu kabisa, paji la uso likagusa kioo, akatikisa kichwa. "Hamna kitu humu." Shabani akanyoosha mkono dirishani. Akazima. Babu alipoenda kusalimiana na muuza vitumbua, fundi akaniinamia dirishani. Hakuwa na utani usoni.

"Binti, wewe ulikuwa unazisikia?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mimi pia. Tangu mara ya kwanza nilidhani ni busta, kumbe ninafungua kitu kizima." Akapangusa mikono kwa kitambaa, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. "Siwezi kumwambia. Mzee huyu chakula chake ni hicho. Nyamaza na mimi ninyamaze."

Tukanyamaza. Nilikuwa hodari wa kunyamaza, kwa hiyo sikuona shida. Ila nilianza kuona mengine. Honi za magari mengine barabarani Babu hakuwa akizijibu. Nikimwamkia "Ugonile, Babu" kwa sauti yangu ya siku zote, alinitazama mdomo. Na nyimbo za wanawake alikuwa ameanza kuziruka, anasema zimepoteza utamu, anabaki na besi na sauti nene za wanaume.

Halafu kwaya ya mama mdogo ikarekodi. Walikuwa wamejiandaa mwaka mzima, wanafanya mazoezi jioni na kurudi na koo zimekauka, na kwenye wimbo mmoja mama mdogo ndiye aliyeanzisha, peke yake, ubeti mzima, kabla wenzake hawajaingia. Sauti yake ilikuwa nyembamba na juu, ya kupanda bila kujikaza. Nilivyomsikia siku ya kwanza nilisimamisha ndoo njiani. Babu alisikia habari ibadani kwamba mkamwana wake ndiye anayeongoza. Akaniita kwenye gari. Alikuwa anajaribu kuongea kama mtu anayeulizia mbolea.

"Wanasema anaimba vizuri?"

"Sana, Babu."

"Miaka yote hii," alisema, akatazama njia. "Anaimba ibada ya pili, mimi niko ya kwanza. Jikoni ananyamaza mimi nikiwepo. Sijawahi kumsikia hata akiita kuku." Akaishika ile flashi ya shingoni. "Kusikia mtu kwenye spika si kuonana naye. Au unasemaje?"

Nikasema si kuonana. Nikaenda jikoni kuuliza. Mama mdogo akageuka ukutani, akawaza, kisha akaenda chumbani na kurudi na flashi ya kwaya imefungwa kwenye kona ya kanga. Akalifungua fundo kwa meno. "Mpelekee," akasema. "Mwambie aanze na wa tatu."

Ilikuwa Jumapili. Babu aliosha gari, akafuta dashibodi kwa mafuta ya nazi, akavaa koti la ibadani na kofia. Akakaa. Nikafungua buti. Jikoni kulikuwa kimya. Hata moto nadhani aliuondolea kuni. Babu akabonyeza wa tatu. Na sauti ya mama mdogo ikatoka kwenye zile twita, safi, ikapanda juu ya uwanja.

Babu alikaa vilevile, kichwa kimeinama kwa adabu. Akangoja. Akageuka kwangu. "Anaanza lini?"

"Ameshaanza, Babu."

"Eh?"

"Ameshaanza."

Akaongeza sauti. Akapandisha trebo, ile ya sauti nyembamba, mpaka mwisho, twita zikaanza kupasua, na mama mdogo akawa anaimba kwa ukali ambao hakuwa nao. Ubeti wake ukaisha, wanaume wa besi wakaingia, na uso wa Babu ukafunguka. "Hawa nawasikia!" Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena. Nikamwona anatafuta, macho yanahangaika kwenye dashibodi kama mtu aliyeangusha sindano. Akarudisha tena. Kisha hasira ikampanda. "Shabani! Mswahili yule amenifanyia nini?" Akatoa bisibisi kwenye kisanduku cha mbele, akaikita chini ya twita ya kwanza, akaanza kuing'oa. "Nitazitupa chooni. Mwanangu anaimba, na kidubwana hiki kinamficha!"

Twita ilikuwa bado inaimba mkononi mwake. Waya umevutika, na mama mdogo yumo humo, anapanda. Nikasema, "Babu, ni nzima."

"Eh?"

"Spika ni nzima, Babu."

"Sema!"

Sijui nieleze vipi. Mtu kama mimi ana sauti moja, ya chumbani. Sikuwahi kujua kama kuna nyingine. Nilisikia inatoka tumboni, kubwa, mbaya, ya kuita watu wakazime moto: "SPIKA NI NZIMA, BABU! NI MASIKIO! NI MASIKIO YAKO!" Jirani wa chini aliyekuwa anapalilia akasimama na jembe. Jikoni kitu kilianguka, kikazunguka sakafuni, kikazunguka, mpaka kikatulia. Babu alinitazama. Alikuwa amesikia kila neno. Akairudisha twita kwenye dashibodi, taratibu, akaikandamiza kwa dole gumba kama anayefunika mbegu. Akazima redio. Akazima injini. Akaniuliza kwa upole ulioniua, "Na Shabani anajua?" Nikaitikia kwa kichwa. "Na yule wa jikoni?" Nikageukia mlango wa jiko. Sasa mama mdogo naye alikuwa anajua.

Mziki ukakoma. Sitaki kuzirefusha wiki zile. Tulikula ndizi zetu kimya, na kelele za sufuria zilikuwa kelele tu. Alipelekwa hospitali, madaktari wakasema ni uzee, wakampa kifaa cha kuvaa sikioni. Alikivaa kidogo, akasema kinapiga mluzi kama birika na vijiko vinamgonga ndani ya kichwa, akakiweka juu ya kabati. Gari alilifunika turubai. Nilimsikia mama mdogo akiongea na Mama Ipyana, jirani yetu, wanapepeta maharage nyuma ya dirisha langu.

"Mtu mzima anakuwa kiziwi, ni kawaida," Mama Ipyana alisema. "Unalia nini?"

"Silii ukiziwi," mama mdogo akasema. "Wengine anawasikia. Wanaume anawasikia. Shoka analisikia. Mimi tu ndiye niliyemtoka."

Fundi Shabani alijaribu. Alikuja mwenyewe mpaka Kawetele na kompyuta yake, amechukua wimbo wa tatu na kuushusha sauti mpaka chini, ili uingie mahali ambapo masikio ya Babu bado yako hai. Babu akakubali kwa ajili ya urafiki. Turubai likatolewa. Sauti ikatoka, nzito, imekokoteka, kama dume la ng'ombe limefundishwa zaburi. Babu akasikiliza ubeti mzima. Akasema, "Nimemsikia. Ila huyu bwana ni nani?" Shabani akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani, Babu naye akacheka, na nikamsikia mama mdogo ndani anacheka pia, halafu kicheko chake kikageuka kilio.

Nadhani ndipo alipoamua. Kuanzia siku hiyo, nikiwa nasoma, nilimsikia jikoni anaimba ule ubeti akiushusha. Alianza juu, akashuka ngazi moja, akakosea, akashuka tena, anatafuta chini ya sauti yake sauti nyingine ambayo bado ni yake. Alikunywa maji ya moto na tangawizi. Aliimba akiwa ameweka kiganja kifuani. Wakati mwingine ilikatika na kuwa hewa tupu.

Ilikuwa mchana, mvua imetoka kunyesha na migomba bado inadondosha maji. Mama mdogo akaniambia nikamwombe Babu akae kwenye gari, awashe, asiweke wimbo wowote. Halafu akanipa kitu kilichofungwa kwenye gazeti: maiki, yenye waya mrefu, aliyoiazima kwa Shabani. "Amesema inachomekwa kwenye busta. Chomeka." Nikamwambia Babu, kwa ile sauti yangu mpya. Akakaa, koti lake, mikono kwenye usukani. Nikachomeka, nikafungua buti, nikavuta waya mpaka mlango wa jiko.

Mama mdogo alitoka. Hakuwahi kutoka Babu akiwa pale bila kukohoa, na safari hii alikohoa, mara moja, kwenye maiki, na kikohozi chake kikatikisa gari zima. Nikaona mabega ya Babu yakishtuka. Kisha mkono wake ukaachia usukani, ukapanda juu ya paji la uso, ukakigusa kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma, na akakigeuza. Alikigeuza kabisa mpaka kikatazama dari. Halafu akarudisha mkono, lakini hakuuweka kwenye usukani. Aliweka viganja vyote viwili kwenye mlango, juu ya spika, vimekunjuliwa.

Mama mdogo akasogea mpaka kwenye buti lenyewe, kanga usoni, akageuza mgongo, hivyo wakawa migongo miwili na gari katikati yao. Akaimba ubeti wake chini, chini kabisa, mahali alipopachimba kwa wiki zile zote. Haikuwa nzuri kama ya kwenye flashi. Ilikwaruza. Ilitetemeka kwenye neno la tatu na akalirudia. Ila boksi la mninga lililibeba kila neno, matone ya mvua juu ya boneti yakawa yanarukaruka, na mimi niliyeweka mkono kwenye bati la gari nilimsikia kwa kiganja kabla ya sikio. Aliimba mpaka mwisho. Wenzake hawakuwepo kuingia, basi pale wanapoingiaga akanyamaza, na injini ikaunguruma peke yake.

Babu alikaa. Sikuuona uso wake na sikuutafuta. Mpaka leo sijui kama alisikia sauti, au alisikia kutikisika tu, na sasa hakuna wa kumuuliza. Baadaye alisema, akitazama njia, kwa sauti kubwa ya watu wasiojisikia wenyewe, kubwa mpaka Mama Ipyana aliisikia kwake: "Tumpe! Mwambie nimemsikia. Mwambie ndaga, asante. Mwambie ana sauti ya mtoto wangu."

Mama mdogo alikuwa pale pale nyuma, maiki mkononi, na kila neno lilikuwa limemfikia. Lakini hakujongea. Alibaki amegeuza mgongo, kichwa kimeinama kidogo upande wangu, anangoja. Nikatoka pembeni ya tairi, nikapita kwenye matope, nikasimama mbele yake, nikamwambia, "Babu anasema amekusikia. Anasema ndaga. Anasema una sauti ya mtoto wake."

Ndipo alipoitikia.